Kosa la hadiwea wakati wa kuandika: pima volti kwanza

Kaka, umesema kifaa chako kinasoma kompyuta ya injini ya gari vizuri, ila ukianza kuandika (kuingiza programu kwenye kompyuta hiyo) kinaleta kosa la hadiwea, na jirani yako pale soko la Kisekka, Kampala, anakushauri ununue kingine. Usinunue bado, tafadhali.

Weka mita kwenye tundu la OBD, lile la gari unalochomeka kifaa: pini 16 ni chanya ya betri, 4 na 5 ni eathi. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha utazame mita dakika kadhaa. Mimi hapa Ndeeba betri ilisoma 12.4, feni ya rejeta ikajiwasha, mita ikashuka hadi 11.3 nikiiangalia, na kifaa kikakata palepale. Kuandika huchukua muda mrefu na hakuvumilii umeme unaoyumba. Tafuta pawa saplai iliyotulia, volti 13 na kitu. Chaja ya kawaida ya gereji haifai. Zima taa, redio na AC. Laptopu nayo ichajiwe ijae kabla, maana umeme wetu unaujua.

Volti zikiwa sawa, badilisha waya wa USB, uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Halafu fungua kifaa utazame soketi yake ya USB; risasi ya kulehemu hupasuka pale kwa kuchomeka na kuchomoa.

Bado? Toa betri ya gari, pima omu kati ya pini 6 na 14. Kwenye gari la CAN (nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo) utarajie kama 60. Ukipata 120, huenda tatizo liko upande wa gari, si kwenye kifaa.

Na kikikwama katikati ya kuandika, usizime swichi kwa haraka. Nakuomba sana.