Jibu: Je, ensefalitisi inaambukiza?

Dada wa Likoni, umeuliza kama wanao watapata ensefalitisi, yaani kuvimba kwa ubongo, kwa kucheza na mtoto wa jirani aliyelazwa. Kule kuvimba kwa ubongo hakuambukizi. Kinachoweza kuenea ni kilichosababisha uvimbe huo, nacho hutofautiana: virusi vya hepesi, surua, kichaa cha mbwa, na mara nyingine kinga ya mwili yenyewe huushambulia ubongo. Muulize mama wa mtoto huyo kile alichosema daktari, na kadi za chanjo ya surua za wanao zikague leo.

Ikiwa ni hepesi, dawa ya asikloviri ikianzwa mapema huokoa wengi; bila dawa hufa kama 70%. Wanaopona baadhi hubaki na kifafa au usahaulifu, basi mtoto huyo akirudi nyumbani tafadhali msimtenge.

Homa pamoja na kuchanganyikiwa au degedege, usingoje asubuhi kwa kuhofia foleni ya feri. Huku pwani malaria kali hufanana na ensefalitisi, mgonjwa apimwe.