Kabla ya bisibisi, nunua kipimo

Taa ya korido yetu ilikuwa na tabia tuliyoizoea. Ukiizima usiku, globu inabaki na mwanga hafifu, kama kaa lililofunikwa na jivu. Tulikuwa wageni katika nyumba ile ya kupanga Morogoro, na watoto walifurahi kwamba njia ya kwenda chooni haina giza. Sikujiuliza kwa nini. Siku holda inayoshika globu ilipolegea nikazima swichi ya ukutani, nikapanda mezani, nikaishika. Umeme ulinipiga hadi begani. Nilianguka nikateguka kifundo cha mguu.

Jirani yetu, mzee aliyefanya ufundi umeme maisha yake yote, alifungua swichi, akaangalia, akatikisa kichwa. "Mwanangu, swichi hii inakata nyutro. Laivu wameiacha inakwenda moja kwa moja kwenye holda. Ukizima, taa inazimika lakini umeme uko palepale." Laivu ni waya unaoleta umeme, nyutro ni ule unaourudisha. Ule mwanga hafifu ulikuwa unatuambia hivyo kwa miezi mingi.

Ndiyo maana watu wakiniuliza waanze na kifaa gani ili wajirekebishie vitu vidogo vya umeme nyumbani, sianzi na bisibisi wala plaizi. Naanza na kipimo.

Wengi wana tesa, ile bisibisi nyembamba yenye kitaa ndani ya mpini. Ni nzuri, ninayo, lakini ijue inavyofanya kazi. Mkondo mdogo sana wa umeme unapita kwenye kitaa, kisha kwenye mwili wako, hadi ardhini. Ukiwa umevaa viatu vya raba nene, au umesimama juu ya stuli ya mbao kavu, inaweza kuwaka kwa unyonge sana, na kwenye jua la mchana usiuone mwanga wake. Kwa hiyo tesa isipowaka, hilo si thibitisho kwamba hakuna umeme. Tena haikuambii chochote kuhusu nyutro iliyokatika: unaichomeka kwenye soketi inawaka vizuri, lakini pasi haipati moto, nawe unabaki kuilaumu pasi.

Multimita, mita ya mkononi inayosoma volti, inamaliza ubishi huo. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na mita ikisoma juu au chini kidogo usishtuke. Pima laivu kwa nyutro, kisha laivu kwa ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ukipata kama 230 kwa ethi lakini kwa nyutro hupati kitu, nyutro imekatika mahali. Kuna mambo mawili ya kushika sana. La kwanza, waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu lenye alama ya V, usiwe kwenye lile la 10A. Ukiusahau kwenye 10A halafu ukapima soketi, umeunganisha laivu na nyutro moja kwa moja, na shoti itatokea mkononi mwako. La pili ni utaratibu alionifundisha mzee: pima kwanza soketi unayojua ina umeme, kisha pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi kwenye ile ya kwanza. Mita yenye betri iliyokufa nayo haionyeshi umeme.

Zima breka kwenye boksi la umeme la nyumba, si swichi ya ukutani tu, kisha bandika karatasi kwenye breka yenyewe. Yangu imeandikwa "USIWASHE, MAMA ANASHIKA WAYA". Na tafadhali usifanye kazi kwa kutegemea kwamba umeme umekatika mtaa mzima. Utarudi bila kubisha hodi.

Zana za mkono ni chache. Bisibisi bapa ndogo ya skrubu za soketi na swichi, bisibisi ya nyota, na plaizi, zote ziwe na alama ya 1000V kwenye mpini. Bisibisi ya kawaida uliyoizungushia tepu si mbadala wake. Ongeza tochi ya kuvaa kichwani, maana ukizima breka unabaki gizani na mikono yote miwili ina kazi.

Koleo la kumenyea waya watu hulidharau, wanatumia meno au wembe. Wembe ukikwaruza shaba, waya unakatikia hapohapo siku nyingine ukiukunja. Zaidi ya hapo, nunua konekta, vile vibanio vya kuungia waya. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9, na kiungo cha waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu kikilegea kinapata moto kila unapochemsha chai. Niliwahi kufungua soketi ya jikoni kwa sababu ya harufu tu, nikakuta tepu imeyeyuka imekuwa kama lami na plastiki ya nyuma imekuwa ya kahawia.

Rangi za waya zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Mfumo mpya ni kahawia na buluu, na humo nyeusi inaweza kuwa mojawapo ya laivu za umeme wa fezi tatu. Pima kwanza, rangi baadaye.

Mimi naishia kwenye holda, swichi, soketi na plagi. Mita ya LUKU, waya unaotoka nguzoni na chochote kilicho kabla ya meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, sigusi, kwa sababu hata ukizima kila kitu ndani, huko umeme upo. Kuvuta laini mpya au kufunga hita ya bafuni namwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na sioni haya kumwomba aionyeshe.

Mzee alihamisha waya mbili, swichi ikaanza kukata laivu. Usiku ule korido ikawa giza kabisa, na kitinda mimba wangu akaja kuniamsha kuniambia taa imeharibika.