Faili "husafiri njia" au huchepushwa?

SWALI: Mimi ni fundi kompyuta Masasi, mkoani Mtwara. Nimebandika tangazo dukani kuwataka wateja wasasishe WinRAR, programu ya kufungasha na kufungua mafaili, kwa sababu ya "udhaifu wa kusafiri njia". Karani wa chama cha msingi cha korosho akaniuliza: nani anasafiri? Sikuwa na jibu. Niandikeje?

JIBU: Karani kagusa penyewe. Maneno yako yote ni ya Kiswahili, ila yamepangwa kwa kufuata Kiingereza, "path traversal", ndiyo maana hayana mtendaji.

Tuanze na tukio lenyewe. Faili la zipu au la rar hubeba mafaili mengine, na kila moja limeandikiwa mahali pa kuwekwa. Nukta mbili na mkwaju (../) katika maandishi hayo maana yake ni "toka kabrasha hili, panda la juu yake". Mhalifu akizirudia alama hizo mara kadhaa, na programu isikague, faili lake hutua nje ya kabrasha ulilolichagua. Ni sawa na kuli wa ghalani kukuta gunia limeandikwa "nipeleke ofisini kwa mhasibu", akalipeleka bila kumuuliza mtunza ghala. Mara nyingi mhalifu hulenga kabrasha ambalo vilivyomo hujiendesha kompyuta ikiwashwa.

Hapo kitenzi ninachokipendekeza ni kuchepusha. Kuchepuka ni kuiacha njia kuu; barabara ikijengwa, magari hupita mchepuko. Najua mtaani mchepuko umekuwa hawara, lakini maana ya awali haijafa, nasi tusiiachie ife. Kiambishi cha kusababisha nakitaka kwa makusudi: maji ya mto huchepushwa na mtu, na faili vilevile halichepuki lenyewe. Mwaka 2018 Snyk, kampuni ya usalama wa programu, iliuita mwanya wa aina hii Zip Slip, jina lenye wazo la kuteleza. Kuteleza hakunitoshi, kwa kuwa anayeteleza hakukusudia.

Badala ya "udhaifu", andika mwanya. Udhaifu waweza kuwa wa mwili, wa hoja, hata wa tabia. Mwanya ni pengo ambalo kitu hupita. Tumezoea kusema mianya ya rushwa, na upatanisho wake haukutatizi: mwanya huu, mianya hii.

Mwanya kama huo ulitangazwa na watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, mwaka 2019, ukiwa umekaa ndani ya WinRAR kwa miaka 19. Mwingine ulizibwa Julai 2025 katika toleo la 7.13.

Basi tangazo lako lisomeke hivi: "Matoleo ya zamani ya WinRAR yana mwanya wa kuchepusha mafaili. WinRAR haijisasishi yenyewe. Njoo tukuwekee toleo la 7.13 au jipya zaidi."