Pittsburgh waliuza kangomba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Timu yako ikizeeka, ivunjwe isukwe upya, au wakongwe waachwe wamalizie?" Najua mlikuwa mnawaza Simba na Yanga, na kwa sisi wa Mtwara labda Ndanda. Mimi nitajibu kwa timu ya magongo ya barafuni (hoki) ya Marekani, Pittsburgh Penguins. Chekeni kwanza, nawasubiri. Swali lenu limenikuta pabaya: nina miaka 54, na juzi kijana mmoja pale kijiweni Magomeni kaniambia veterani wa mtaa wanatafuta beki mpya. Beki ni mimi.

Hoki niliambukizwa. Enzi gesi ya Mnazi Bay inaanza kutolewa nilikuwa dereva wa Mkanada mmoja. Njia ya Msimbati ya wakati ule mnaikumbuka, gari likizama mchangani mnakaa hadi aje mtu wa kuwavuta. Katika kukaa huko ndipo akawa ananisimulia mchezo wao. Kwao Nova Scotia, alikokulia Sidney Crosby, nyota wa Penguins, na alimtaja kama sisi tunavyomtaja mtoto wa dada aliyefaulu. Alipoondoka aliniachia kofia yenye picha ya ngwini, nembo ya timu hiyo.

Sasa jibu: waachwe. Crosby, Evgeni Malkin na Kris Letang walianza kucheza pamoja msimu wa 2006, wakachukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi yao, 2009, 2016 na 2017. Kuanzia 2007 hadi 2022 hawakukosa mtoano hata mwaka mmoja. Halafu wakakosa 2023, 2024 na 2025, na watu wote wakageuka mafundi bomoabomoa. Uza wazee, shika mkia, chukua vijana! Ni kweli kule hakuna kushuka daraja, na timu iliyofanya vibaya ndiyo inayopewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua kijana bora wa mwaka. Kufungwa kuna zawadi. Ndanda iliposhuka 2020 nani aliipa zawadi? Lakini waulizeni Buffalo, timu nyingine ya ligi hiyo. Walipata kuchagua wa kwanza kabisa 2018, wakapata tena 2021, na mpaka msimu wa 2025 unaisha walikuwa na miaka 14 bila kuuona mtoano. Mtoto anazaliwa, anaota ndevu.

Nikisema waachwe, ninachokiona kichwani ni usiku mmoja tu. Juni 2017, fainali dhidi ya Nashville, mechi ya sita, kwao Nashville; Pittsburgh wakishinda, kombe lao. Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 12, katikati ya Ramadhani. Mechi ilianza baada ya saa tisa usiku, nami nikaona Mungu kanipangia: daku na hoki sahani moja. Mama Shaibu kapasha wali na samaki wa nazi, mimi nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai, picha inakwenda kwa kukwamakwama. Kipindi cha pili Nashville wakatumbukiza, lakini refa alishapuliza, kwa kuwa kile kisahani cheusi wanachocheza badala ya mpira kilimpotea machoni. Nikasema hapa leo kuna mtu atalia. Sifuri kwa sifuri.

Kipindi cha tatu kinakaribia, adhana. Mnazijua zile dakika. Nikazima simu, nikaenda msikitini, na naapa nilijitahidi kuwa mbele ya Mola wangu, ila imamu alichagua sura ndefu na mimi nikawa Nashville. Nikarudi karibu mbio. Bado sifuri kwa sifuri! Naketi, bando likakata. Nikapekua makoti yote ya mlangoni nikapata vocha ya elfu moja, nikaikwangua kwa kijiko cha daku, namba moja ikafutika. Saba au moja? Nikajaribu saba, ikakataa. Moja ikakubali. Picha iliporudi, watu wetu wa jezi nyeupe wanakumbatiana, imebaki dakika moja na ushee. Goli nililiona baadaye, mara ishirini labda: Patric Hornqvist wa Pittsburgh yuko nyuma ya mstari wa goli, kisahani kinadunda kutoka ukutani, anakigonga kinamgusa kipa wa Nashville, Pekka Rinne, na kuingia. Nashville wakamtoa kipa ili waongeze mshambuliaji, Pittsburgh wakaongeza la pili golini hakuna mtu. Nilipiga ukelele, Mama Shaibu akatoka mbio: "Baba Shaibu, nani kafariki?"

Hornqvist huyo, mwaka 2005, alikuwa wa mwisho kabisa kuchaguliwa katika vijana wote, wa 230. Na aliyemchagua ni Nashville mwenyewe! Wa kwanza mwaka ule ule alikuwa Crosby. Wa kwanza na wa mwisho wakabeba kombe moja.

Lakini kadiri ninavyowaandikia naona usiku wangu unanisuta. Hornqvist alikuwa na miaka 30, sawa, ila kinara wa magoli wa mtoano ule, magoli 13, ni Jake Guentzel, mtoto wa miaka 22 katika msimu wake wa kwanza. Na golini alikaa Matt Murray, naye mtoto. Wazee walishinda kwa sababu kulikuwa na watu wa kukimbia. Nyuma ya pazia, Pittsburgh walikuwa wakigawa haki zao za kuchagua vijana raundi ya kwanza ili kununua watu wazima wa msimu ule ule. Hiyo ni kangomba, Mhariri. Unauza korosho ingali ua ili upate hela ya leo, msimu ukifika huna cha kupeleka ghalani. Mkinibana kwamba mshambuliaji Phil Kessel alipatikana kwa njia hiyo na akaleta makombe mawili, nitanyamaza. Hata kangomba humlipia mtu ada ya shule.

Basi nabadili. Ivunjwe, na ilitakiwa ianze kuvunjwa 2018, makombe bado yanang'aa. Machi 2024 walimpeleka Guentzel timu ya Carolina na mimi nilitukana siku nzima. Leo nasema walichelewa. Beki Erik Karlsson auzwe. Letang, kama kuna anayemtaka. Malkin aulizwe mwenyewe.

Crosby hapana. Amezaliwa tarehe 7 mwezi wa 8, 1987, anavaa jezi 87, na 2024 alipoongeza mkataba alikubali dola milioni 8.7 kwa mwaka, zile zile za mkataba uliotangulia, wakati angeweza kudai zaidi. Kwa kuwa kila timu ina kikomo cha mishahara, alichokiacha kinalipa mtu mwingine. Hoja hiyo nimeitafuta baada ya kuamua, nakiri.

Na yule kijana wa kijiweni aje Jumamosi jioni na viatu vyake. Tutaona.