Nusu saa ya besi baada ya kazi

Ndugu, umeuliza kwenye mazoezi ya gitaa la besi ushike nyimbo za kwaya au mazoezi ya vidole. Ukitoka kazini Mtumba jioni umechoka na Jumapili una nyimbo tatu, nusu saa inatosha, ila usianze na skeli (ngazi za noti). Anza na kile kipande kinachokukwamisha kwenye wimbo wenyewe, hata kama ni baa (vipimo vya mapigo) mbili tu. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) mapigo 60 kwa dakika, kidole cha shahada na cha kati vya mkono unaopiga nyuzi vipokezane bila kurudia kimoja. Kinachoharibu mara nyingi ni pale unaposhuka kutoka uzi wa G, ule mwembamba, kwenda D unaofuata: kidole kilekile kinajiburuza na kupokezana kunavunjika. Uzi wa E, ule mnene, nao ukiuacha huru unavuma chini kwa chini, kwa hiyo egemeza kidole gumba juu yake unapopiga nyuzi nyingine. Ukipita safi mara tano mfululizo, ongeza mapigo 4. Hiyo ndiyo tekniki ya siku, kama dakika 15. Zinazobaki piga wimbo mzima sambamba na rekodi bila kusimama, hata ukikosea. Skeli ziache Jumamosi, tena kwa ufunguo wa nyimbo hizohizo.