Ziara ya kuigiza kwenye jumba la sinema: pima ngazi kabla ya kuuza tiketi

Mkuu, umeuliza kiingilio kiwe shilingi ngapi, mavazi ya miaka ya 60 yanapatikana wapi na igizo liwe refu kiasi gani, halafu katikati ukapenyeza kwamba waigizaji wako watazungusha watu 50 kwa mkupuo ndani ya jumba la zamani la sinema. Hayo mengine yasubiri. Hiyo 50 ndiyo itakutoa roho.

Mimi nilishafanya kitu hichohicho hapa mjini, jengo la enzi za majumba ya sinema ya Empire, Avalon na Odeon. Kuna bwana mmoja anajiita mshauri wa matukio, suti kali, akaniambia "ukumbi una viti mamia, unaogopa nini?" Na nikamlipa! Hakupanda hata ngazi moja. Jengo zima alilikagua akiwa amekaa kiti cha mbele anakunywa soda.

Sasa sikia, hakuna anayelipa kuja kuona viti. Watu wanataka kile chumba cha mashine kule juu, picha zilikotokea. Na chumba kile kilibanwa makusudi. Filamu za zamani za nitrati zilikuwa zinalipuka moto balaa, na taa ya mashine yenyewe ilikuwa moto wa umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Kwa hiyo wajenzi walikitenga: ukuta mnene, vidirisha viduchu vyenye vifuniko vya chuma, ngazi ya kupishana kwa ubavu. Waigizaji wangu wawili walipoingia humo, ilibaki nafasi ya wageni saba au wanane, tena wasio na mikoba.

Waliobaki wakajipanga ngazini. Kijana aliyecheza fundi wa mashine anaeleza vizuri kabisa jinsi mkanda ukiisha huku, mashine ya pili inadaka bila mtazamaji kushtuka; ngazini wanasikia "mm, mm" tu. Ikabidi arudie. Akarudia tena. Dada mmoja akamwambia, "Kaka, hapo pa kuungua vidole ulishapasema." Wa mkiani wakachoka, wakashuka barazani, wakamkuta mwigizaji wangu anayecheza mlanguzi, maana enzi zile tiketi za Jumapili zililanguliwa hasa. Anasubiri zamu yake, tiketi mkononi. Baba mmoja akaamini ni tapeli kweli, akaita mlinzi, mlinzi akamkunja shati. Ndilo onyesho pekee lililopigiwa makofi siku ile. Viingilio nilirudisha mpaka nikagusa nauli za waigizaji.

Kundi linapimwa kwa chumba chembamba kuliko vyote, basi. Waigizaji wavae kamili, wasimame humo na vifaa vyao, kisha ingiza ndugu na majirani mmojammoja. Anayekosa pa kuweka mguu ndiye uliyemzidisha. Punguza na mwingine mmoja, kwa ajili ya mzee mwenye mkongojo. Wanaosubiri wasiachwe wanashangaa: mlanguzi awaanze palepale barazani, na mlinzi awe ameambiwa, tafadhali sana.

Usiniambie kundi dogo halilipi. Ingiza jipya kila baada ya dakika 20, jioni nzima, waigizaji walewale, uone kama halilipi.

Mavazi kaulize vijana waliosoma TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Kiingilio tutaongea ukishanitajia upana wa ngazi.