Kabla hujaacha benki ufuate tiba ya kisaikolojia ya watoto Uingereza

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi ya benki uje huku usomee tiba ya kisaikolojia ya watoto, kwa kuwa umeambiwa kozi ni ya miezi sita na wataalamu wanagombaniwa. Aliyekuambia hivyo hajajaza hata fomu moja.

Miezi sita itakupa cheti tu. Kwa sheria ya Uingereza jina la "mshauri nasaha" halilindwi, yeyote anaweza kujiita hivyo. Ndiyo maana kozi zinauzwa kama karanga, na ndiyo maana mwajiri hakitazami cheti chako, anauliza umesajiliwa wapi. Majina yanayolindwa, kama mtaalamu wa tiba ya sanaa au ya muziki, yako chini ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na huko wanataka shahada iliyoidhinishwa. Ukifuata njia ya ushauri nasaha, BACP, chama cha washauri nasaha cha huku, inataka angalau saa 100 za kukaa na wateja chini ya msimamizi. Saa za darasani hazimo. Mara nyingi msimamizi unamlipa mwenyewe, na vyuo vingi vinakutaka nawe upate tiba yako binafsi, nayo kwa mfuko wako.

Sasa viza, hapo ndipo watu wanapoangukia. Kozi nyingi za fani hii ni za jioni na wikiendi, zimepangiwa wenyeji wenye ajira. Kwa viza ya mwanafunzi, kozi isiyo ya muda wote hairuhusu kufanya kazi wala mafunzo kwa vitendo. Hizo saa 100 utazipata wapi? Shahada ya muda wote ina nafuu: saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Lakini huruhusiwi kujiajiri, kwa hiyo ndoto ya kufungua chumba chako cha ushauri iweke kando. Tangu Januari 2024, anayesoma shahada ya uzamili ya darasani haji na mke wala watoto. Kama una familia, sentensi hiyo isome mara mbili. Kabla hujalipa hata senti ya ada, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya serikali ya wanaoruhusiwa kudhamini wanafunzi wa kigeni. Halimo? Funga ukurasa.

Kazi yenyewe usidhani ni kucheza. Chumba kina sinia la mchanga, vikaragosi, familia mbili za wanasesere, karatasi. Kila wiki kila kitu kinakaa palepale, kwa sababu mtoto ambaye nyumbani mambo hubadilika kila siku atakikagua chumba kabla ya kukukagua wewe. Akizika mwanasesere mchangani, usiulize "huyu ni baba?" Sema ulichokiona: "umemfunika kabisa." Dakika tano kabla ya mwisho unamwambia muda unakaribia. Na usimwahidi siri, hata akilia. Akisema anapigwa, siku hiyohiyo taarifa inafika kwa mhusika wa ulinzi wa watoto.

Ushauri wangu? Usije. Anzia huko huko, jitolee kwa watoto mwaka mzima, uone kama unaweza kunyamaza dakika kumi bila kuwafundisha kitu. Watu wa benki mnapenda majibu, na mtoto hana hesabu ya kufunga jioni.

Na kama moyo umeshaamua, basi njoo, ila kwa shahada ya muda wote. Kubeba boksi utabeba, si aibu. Ukipata nafasi ya usaidizi wa darasani ichukue hata ikilipa kidogo kuliko bohari, maana humo utajifunza Kiingereza cha watoto, ambacho IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, haikipimi. Nyumbani waambie mapema kwamba mwaka wa kwanza wasitegemee chochote kutoka kwako, na uwaambie kwa sauti, si kwa ujumbe.

Hati ya tabia njema ichukue polisi kabla ya kuondoka. Ukaguzi wa huku wa rekodi za uhalifu, DBS, hausomi rekodi za nje, kwa hiyo mwajiri wa kazi ya watoto ataidai, na kuifuatilia ukiwa mbali ni kumsumbua mama kwenye foleni.